Kwa mafundi wapya wa kompyuta: feni kwanza, rangi baadaye

Wadogo zangu mnaounga kompyuta za michezo na za studio hapa Unguja na Pemba, nimenyamaza vya kutosha. Wiki hii nimeletewa tena kesi (kasha la kompyuta) ya kioo, mashallah inang'ara, programu tatu za taa zimejipanga pale chini karibu na saa, na feni ya prosesa imechomekwa kwenye soketi ya feni za kesi. Kijana aliyeiunga alimaliza siku nzima akitafuta zambarau ya kufanana na kibodi. Mwendo wa feni hakuugusa. Nampenda sana kijana yule, ana mikono mizuri, lakini kidogo nimtupie bisibisi.

Haya, kaeni kitako.

1. Kabla hujagusa Windows, ingia BIOS, ile mipangilio ya ubao mama inayowaka kabla ya Windows, upange feni humo. Ya pini 4 iweke PWM (mwendo unaongozwa kwa ishara), ya pini 3 iweke DC (unaongozwa kwa volti). Ukiiacha ya pini 3 kwenye PWM itakwenda mwendo wa mwisho usiku na mchana, na mteja atakurudishia mashine kwa kelele. Grafu ya mwendo wa feni kwa joto utakayoiweka humo iwe inajitosheleza, kiasi kwamba FanControl, programu ya kuongoza feni ndani ya Windows, isipowaka kabisa kompyuta iweze kufanya kazi nzito bila kuchemka. Programu inakuja juu yake kupamba.

Nnajua mnaona huo ni uzee. Basi nikwambieni yaliyonikuta.

Nilimuungia jamaa mmoja wa Wete mashine ya kuhariri video za harusi, Core i7 ya kizazi cha 12. Alitaka kimya, maana studio yake ni chumba cha nyumbani na watoto wanalala ukuta wa pili. Mie nikajifanya mjuzi. Kwenye BIOS nikazifunga feni zote asilimia 20, nikijiambia FanControl ndiyo itakayozipandisha kazi ikizidi. Kisha nikaongeza mbwembwe: taa zisome joto la prosesa, kijani ikiwa poa, njano ikipanda, nyekundu ikizidi. Nikaijaribu dukani kwangu, AC inapuliza, ikaenda vizuri. Nikapiga picha, nikaiweka steta, sifa zikamiminika. Mashine ikapanda meli.

Ikaja Machi 2025, tumo ndani ya Ramadhani. Windows Defender, kinga ya virusi ya Windows, ikaanza kuizuia WinRing0, draiva ambayo programu nyingi za feni na taa zilikuwa zikiitegemea kusoma joto na kuongoza feni. Si kwamba walikosea; draiva ile ina tundu la usalama linalojulikana tangu 2020. Lakini kwa jamaa yangu wa Wete maana yake ilikuwa moja: asubuhi aliwasha mashine, FanControl haina mikono wala macho, feni zimerudi kwenye asilimia 20 niliyoifunga kwa mkono wangu. Na taa? Zisizopata joto la kusoma zilibaki kwenye rangi ya mwisho zilizopewa. Kijani.

Harusi zote za Shaaban zilikuwa mezani kwake na wenyewe wanazitaka kabla ya Idi. Akanipigia baada ya tarawehe. "Kaka, video ya saa mbili ilikuwa inatoka kabla sijamaliza kikombe cha chai, sasa inafika daku haijatoka." Nikamuuliza joto vipi. Akaniambia, "Taa kijani tupu, kaka. Na feni hata huzisikii." Mie nikaridhika! Feni hazisikiki, mashine inasaga video, kaskazi haijamaliza kuondoka, na mie fundi nimeridhika. Nikamwambia hiyo ni SSD imechoka. Akanitumia pesa, nikanunua mpya, nikampa abiria wa meli ya Mkoani, akaipokea, akaiweka, hali ni ile ile. Nikasema basi ni programu ya kuhariri, ifute uiweke upya. Akaifuta, na mipangilio yake yote ikaenda nayo.

Mwisho nikamwambia afungue HWiNFO, programu ya kuonyesha vipimo vya mashine, anipigie picha. Prosesa nyuzi 100, ndo ukomo wake, na mbele ya mstari wa kujipunguza kasi kwa joto imeandikwa ndiyo, kwa herufi nyekundu, kiini (core) baada ya kiini. Muda wote ule prosesa ilikuwa inajibana isiungue. Nikamwelekeza kwa simu aingie BIOS apandishe feni. Kabla hatujakata simu nikazisikia zikinguruma.

SSD nilimlipa. Harusi mbili zilichelewa mpaka Idi ikapita, na mama wa bi harusi mmoja alimpigia simu maneno ambayo jamaa alinisomea yote, neno kwa neno, ili na mie nipate sehemu yangu. Nilistahili. FanControl siku hizi inatumia draiva nyengine, PawnIO, kwa hiyo isasisheni. Lakini hata hiyo msiiamini peke yake. Ukimaliza kuunga, funga programu zote, zima AC, funga mlango, ibebeshe mashine mzigo nusu saa ukiangalia joto lenyewe kwa namba. Rangi si kipimo.

2. Taa za pini 3 ni volti 5, za pini 4 ni volti 12. Ukilazimisha za volti 5 kwenye soketi ya 12 zinaungua hapo hapo, na tafadhali usimwambie mteja kuwa ni umeme wa mtaani. Umeme wetu una makosa yake, hilo usiusingizie.

3. Acheni kunakili grafu za watu wa YouTube walioko Ulaya kwenye baridi. Yeye feni zake zimezima mpaka nyuzi 50 na anapumua. Sie chumba chenyewe, msimu wa kaskazi, kina nyuzi 32 kabla hujawasha kitu. Anzeni mapema, pandisheni taratibu, na wekeni sekunde chache za kungoja kabla feni haijashuka, isiwe inapanda na kushuka kila mteja anapofungua tabo ya Chrome. Feni za kesi zifuate joto lolote lililo kubwa baina ya prosesa na GPU (kadi ya picha). FanControl ina sehemu ya kuchanganya vipimo ikachukua kilicho juu. Pampu ya maji ya kupozea prosesa usiichezee, iache mwendo mkubwa usiobadilika.

4. Nyeupe inakula umeme kuliko rangi zote, kwa sababu nyekundu, kijani na buluu zinawaka pamoja. Soketi nyingi za volti 5 mwisho wake ni ampea 3. Ukiona mkanda mrefu wa taa mwanzoni mweupe na mwishoni manjano, umeme hauufiki. Gawa mkanda au tumia kisanduku chenye waya wake kutoka pawa saplai.

5. Wateja wa Kizingo, Forodhani na kote kunakopigwa na upepo wa bahari: vumbi lao lina chumvi, linashika unyevu na kuganda kwenye mapanga ya feni. Chujio la kesi lioshwe kila mwezi. Mwambie mteja mwenyewe, na umwonyeshe linavyochomoka, maana asipoonyeshwa hatalitoa.

6. Programu moja ya taa kwa kompyuta moja. Armoury Crate ikiwa pamoja na iCUE na OpenRGB zote zinataka kuziamrisha RAM, na taa za RAM zinapita kwenye njia ile ile ya SMBus, kwa hiyo zinagongana: kijiti kimoja kinaganda, chengine kinapepesa. Chagua moja, nyengine zing'oe kabisa, zima na washa. Kwa hiyo wewe uliyenipigia juzi saa sita za usiku kuuliza kwa nini RAM moja nyekundu na ya pili buluu, jibu ndilo hilo. Na saa sita za usiku mie nalala.