Kwa wewe unayeanza kufundisha mifarishi ya viraka: acha kazi nyingine zikae nusu

Wanaotaka kuanza kufundisha huniuliza swali lile lile: mwalimu, unapata wapi muda wa kumaliza kazi zote hizi? Nyingi sizimalizi, na wala sina nia ya kuzimaliza. Ninavyoandika hapa, mezani kuna mfarishi ambao uso wake umekamilika lakini haujaona pamba wala bitana. Chini yake kuna rundo la vipande vilivyokatwa na kufungwa kwa utepe. Kwenye mkono wa kiti unaning'inia mwingine, pindo lake limeshonwa pande mbili na sindano bado imechomekwa upande wa tatu. Mgeni akiingia ataona fujo. Mimi hapo naona madarasa matatu.

Nilijifunza hili kwa aibu. Darasa langu la kwanza nilikwenda na mfarishi uliokamilika, umepigwa pasi, kona zake zimenyooka. Nikautandaza, watu wakausifu, nikafurahi. Saa moja baadaye mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, hii mishono kwa nyuma umeilaza upande gani?" Aliuliza kuhusu zile kingo za kitambaa zinazobaki nyuma ya mshono, nami sikuwa na cha kumwonyesha. Bitana ilikuwa imeshafunika kila kitu. Nikaeleza kwa mikono hewani, nao wakaitikia kwa adabu, kisha karibu nusu yao wakalaza mishono ya safu zote upande mmoja.

Kama hujawahi kufanya kosa hilo, lifanye makusudi mara moja nyumbani ulijue. Mishono ya safu mbili ikilala upande mmoja, pale zinapokutana kitambaa hurundikana, mguu wa cherehani hupanda juu ya nundu, na kona za vipande hukwepana. Ukilaza safu ya kwanza kulia na ya pili kushoto, mishono huumana. Iweke safu juu ya safu, shika makutano kwa kidole gumba na cha shahada, uzisogeze polepole: utasikia zinajifunga mahali pake. Jambo hilo halielezeki kwa maneno. Mwanafunzi lazima alishike.

Tangu siku ile, kila mfano wa darasa naushona mara kadhaa, na kila mmoja naukatiza mahali pake. Kwa mraba wa vipande tisa, kwa mfano, nina vipande vilivyokatwa tu, safu tatu ambazo zimepigwa pasi lakini hazijaunganishwa, mraba mzima ulioonyeshwa mgongo, kisha kipande kidogo chenye matabaka yote matatu (uso, pamba na bitana), kimeshikizwa kwa pini, nusu yake imeshonwa na nusu bado. Mwisho kabisa, na huu ndio mfano ninaoutunza kuliko yote, kona ya pindo iliyokunjwa na kubanwa kwa pini bila kushonwa. Kona hiyo naweza kuikunjua na kuikunja tena mara ishirini kwa siku. Kati ya maswali yote ya darasani, sijaona linalorudiwa kama la kona ya pindo.

Sasa upana wa mshono, yaani umbali kutoka ukingo wa kitambaa hadi kwenye uzi. Hapa usiwe na huruma, hata kwa wanafunzi waliokuja wanajua kushona nguo. Kazi yetu hushonwa kwa robo inchi, kama milimita 6, na fundi wa nguo amezoea zaidi ya hapo. Milimita moja ya ziada inaonekana si kitu, lakini kila mshono hula pande mbili, kwa hiyo unapoteza milimita 2. Safu ya vipande kumi na viwili ina mishono kumi na mmoja. Hesabu: milimita 22 zimepotea, na safu ya jirani iliyoshonwa vizuri haitaiva nayo tena. Mwanafunzi atavuta kitambaa kilazimike kutosha, na mfarishi utajikunja kama jani kavu.

Kwa hiyo kabla ya darasa lolote nawapa jaribio dogo. Kata vipande vitatu virefu vyenye upana wa inchi 1½, vishone ubavu kwa ubavu, piga pasi, halafu pima kile cha katikati. Kinapaswa kuwa inchi 1 kamili. Kikipungua, mshono wako ni mpana; kikizidi, ni mwembamba. Usimruhusu mtu aanze mradi kabla ya kipande hicho kukubali. Mtachelewa kidogo siku hiyo, na hamtafumua mishono wiki nzima.

Pasi nayo ina mafunzo yake. Wengi huisukuma mbele na nyuma kama wanavyonyoosha shati, na kipande kilichokatwa hanamu hunyumbuka papo hapo. Pasi iwekwe, iinuliwe, iwekwe tena. Basi.

Kuhusu kubeba miradi mingi kwa pamoja, nimejaribu kila namna: kumaliza mmoja ndipo nianze mwingine, kugawa siku za wiki, kufuata hamu. Kilichonifaa ni kugawa kwa hatua. Najizuia nisiwe na kazi mbili katika hatua moja. Mmoja unakatwa, mmoja unaunganishwa, mmoja unapigwa bandi (mishono ya muda ya kushikiza matabaka), mmoja unasubiri pindo. Sababu ni ya mwili zaidi kuliko ya mpangilio. Kukata kunataka macho mapya na mkono usiochoka, kwa hiyo ni kazi ya asubuhi. Kisu cha gurudumu, chenye wembe wa duara unaobingirika juu ya kitambaa, hakisamehe mtu anayesinzia. Kuunganisha vipande naweza kufanya hata kwa vipindi vya dakika kumi kumi, kati ya shughuli nyingine. Pindo la mkono ni la jioni, nimekaa, watu wanaongea pembeni. Mtu mwenye miradi mitatu inayosubiri kukatwa, jioni ikifika hana cha kushika, na asubuhi ikifika ameelemewa.

Kila mradi una mfuko wake, na ndani ya mfuko mna uzi wake, kipande cha kitambaa cha akiba, na karatasi ya vipimo vyake. Karatasi hiyo ndiyo ninayotaka uichukue kwa uzito kuliko mengine yote niliyosema.

Siku moja alirudi mwanafunzi niliyemfundisha muda mrefu nyuma. Alikuwa amebeba miraba kumi na minne iliyofungwa kwenye shuka, akasema, "Mwalimu, niliugua nikaacha. Sasa nataka kuumaliza." Nilifurahi mno kumwona. Akaniuliza vipande vyake tulivikata kipimo gani, nami kwa kujiamini nikajibu kutoka kichwani: inchi 3¼. Vilikuwa 3½. Alikata kitambaa chake cha mwisho kwa kipimo nilichompa, na kitambaa kile hakikuwa kikipatikana tena. Alinisamehe upesi kuliko nilivyojisamehe. Tuliokoa kazi kwa kuzungushia kila mraba mpya ukanda mwembamba wa rangi nyingine, lakini mfarishi ule haukuwa tena ule aliouota akiwa kitandani.

Sasa kila darasa lililopita lina ukurasa wake daftarini: vipimo vya kukata, mishono tuliilaza upande gani, pamba ya aina gani na kama ilisinyaa kwa kufuliwa, wapi watu walikwama, nani aliishia wapi. Naandika siku ile ile, kabla sijakunja meza. Ukisema utaandika kesho, utaandika unachodhani kilitokea.

Nikihimiza jambo hili huwa namtaja Harriet Powers, mwanamke aliyezaliwa utumwani Georgia, Marekani, mwaka 1837. Mfarishi wake wenye picha kumi na moja za visa vya Biblia ulionekana kwenye maonyesho mwaka 1886. Mwalimu wa sanaa aitwaye Jennie Smith akataka kuununua, naye akakataa. Miaka michache baadaye hali ikambana, akauuza kwa dola 5. Lakini kabla ya kuuacha alimweleza Smith picha moja baada ya nyingine, na Smith akaandika. Leo mfarishi uko kwenye makumbusho ya Smithsonian, nasi tunajua kila picha ilimaanisha nini kwa sababu kulikuwa na mtu mwenye kalamu. Huwa nafikiria ni mikono mingapi iliyoshona kwa ufundi kama huo bila yeyote wa kuandika pembeni.

Utakutana pia na wanaoleta vielelezo vya zamani vya mama au bibi zao, wakilalamika kwamba havielezi jinsi ya kukata kwa kanda ndefu. Waeleze kwamba kisu cha gurudumu kilitolewa na OLFA, kampuni ya Japani, mwaka 1979. Kabla yake mtu alichora umbo kwenye karatasi ngumu, akalifuatisha kwa penseli kipande kwa kipande, akakata kwa mkasi. Vielelezo vingi vya aina hiyo huonyesha mstari wa kushona, si wa kukata, kwa hiyo lazima uongeze robo inchi kila upande. Mwanafunzi asiyeambiwa hili atakata vyote vidogo, halafu atadhani bibi yake alikosea hesabu.

Muda wa darasa: chochote unachokifanya kwa dakika ishirini, kipe saa nzima. Usiahidi mfarishi. Ahidi miraba miwili iliyonyooka.

Na wale waliokwisha kupita kwako, usiwahesabu kuwa wamekwisha. Kazi hii watu huiacha kwa uzazi, kwa msiba, kwa ajira mpya, kisha huirudia wakiwa na hofu kwamba wamesahau kila kitu. Mikono yao haijasahau kama wanavyofikiri. Wanahitaji mtu wa kuwaambia walipoishia. Jumamosi hii anakuja mmoja wao, aliishia kwenye pindo, upande wa pili, karibu na kona. Nimeshatoa mfuko wake wa mfano, daftari liko wazi kwenye ukurasa wa darasa lake, na ile kona nimeikunjua ili aanze kuikunja mwenyewe.