Maswali kwa Fundi: Fowili ya zamani na siku ya ukaguzi

SWALI: Fundi, salamu. Gari langu ni fowili (gari linalovuta kwa magurudumu yote manne) ya dizeli yenye miaka 24. Mwaka jana lilipita ukaguzi bila shida, mwaka huu limerudishwa. Karatasi inasema breki ya nyuma kushoto ni dhaifu kuliko ya kulia. Breki shuu, vile vipande vinavyosugua ngoma gari lisimame, nilizibadilisha miezi mitatu tu iliyopita, pande zote mbili. Je, gari la umri huu bado ni la kutegemea, au kila mwaka nitakuwa navutana na mkaguzi?

JIBU: Ni la kutegemea, ila usikimbilie kununua shuu nyingine. Shuu mpya ikidhoofika upande mmoja ndani ya miezi mitatu, mara nyingi kuna kitu kinailowesha.

Vua gurudumu na ngoma ya breki, uitazame shuu kwenye mwanga. Vumbi la breki linatakiwa kuwa unga mkavu. Likiwa tope jeusi linalong'aa, linuse. Mafuta ya difu (gia zilizo katikati ya ekseli) yana harufu kali ya kiberiti, huwezi kuikosea, na maana yake oili sili ya ekseli, ule mpira unaozuia mafuta yasitoke, imekufa. Kama harufu hiyo haipo na unyevu unaanzia kwenye silinda ndogo ya breki, inua kidogo mpira wa silinda hiyo kwa bisibisi: fluidi ya breki ikichuruzika, mwizi ni huyo.

Tuseme ni sili. Wengi huweka mpya, wanafurahi, kisha baada ya miezi michache inavuja tena na wanailaumu kuwa feki. Mara nyingi kosa liko juu ya ekseli, kwenye kipumulio: kikofia kidogo cha chuma, au kibomba cha mpira kinachopanda juu. Difu ikipata moto, hewa iliyomo ndani hutanuka. Kipumulio kikizibwa na tope, hewa hiyo hujitafutia njia, na iliyo rahisi ni mdomo wa sili, ikitoka na mafuta. Kwa hiyo kifungue, kioshe, ukipige upepo wa kompresa mpaka kipitishe. Kagua pia kiwango cha mafuta gari likiwa limesimama sawa: yafike ukingo wa chini wa tundu la kujazia, si zaidi.

Kabla ya kugonga sili mpya, pitisha ukucha kwenye shafti pale mdomo wa sili unapokaa. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, chuma kimelika na sili mpya itavuja kama ya zamani. Nafasi ikiruhusu, ikalishe sili milimita 2 nje au ndani ya pale ilipokuwa, ili mdomo uguse chuma ambacho hakijachakaa.

Shuu iliyolowa haifuliki. Ukiiosha kwa petroli au kuibabua kwa moto itaonekana kavu, lakini ikipata joto la kazi mafuta huibuka tena, na pengine yakaibuka mbele ya mkaguzi. Badilisha pande zote mbili hata kama moja ni nzima. Kaza marekebisho mpaka shuu iguse ngoma, kisha legeza mpaka gurudumu lizunguke bure. Halafu zifundishe kazi: kutoka kilomita 50 kwa saa, funga breki kwa nguvu ya wastani, mara 10 hivi, ukiziacha zipoe kidogo kila baada ya mara moja. Shuu ambayo haijakaa sawa kwenye ngoma huonekana dhaifu kwenye mashine ya kupimia breki, ile yenye rola zinazozungusha magurudumu, hata kama ni mpya. Na mashine haina huruma: katika nchi nyingi za Ulaya, tofauti ya zaidi ya asilimia 30 kati ya magurudumu ya ekseli moja inatosha kukuangusha.

Ukikuta pande zote ni kavu kabisa, tafuta pistoni ya silinda iliyokwama au kebo ya hendibreki iliyoshikwa na kutu.

Sasa lile la kutegemea. Injini haiangushi sana magari haya, ukiacha moshi na uvujaji. Anayeamua ni chesisi, fremu ya chuma inayobeba gari zima. Chesisi ikiwa nzima, yanayobaki ni sili, bushi na boljointi, vitu vya kubadilisha.

SWALI: Nataka kununua fowili ya miaka ya 1990. Muuzaji anasema chesisi imepakwa rangi mpya chini yote. Ni jambo zuri?

JIBU: Mimi ningependa zaidi kuona kutu ya wazi kuliko lami nyeusi iliyopakwa wiki iliyopita. Chesisi ya boksi huozea kwa ndani: tope huingia, hukaa, huhifadhi maji, na vitundu vya kutolea maji vimeshaziba. Nje unaona rangi, ndani pamebaki ganda.

Chukua nyundo ndogo. Gonga kuanzia mbele kwenda nyuma, ukisikiliza. Chuma kizima hulia. Kilichooza hujibu kwa sauti ya bati lililojaa mchanga. Tumia muda zaidi pale chesisi inapopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma, kwenye vishikio vya springi, pale bodi inaposhikizwa kwenye chesisi na kwenye boriti ya mwisho kabisa nyuma. Mahali penye shaka sukuma bisibisi kwa nguvu ya mkono. Ikizama, mazungumzo ya bei yaanze upya, au yaishe.

Kuchomelea kunakubalika kama kiraka kimefika kwenye chuma safi, kina unene uleule na kimechomelewa mzunguko wote. Bati lililobandikwa juu ya kutu mkaguzi hulijua kwa kidole. Na fundi wa kuchomelea achomoe betri kwanza.

SWALI: Usukani hutetemeka vibaya nikipita shimo kwa mwendo wa kilomita 70. Fundi ameweka dampa mpya ya usukani, ikatulia wiki mbili tu.

JIBU: Dampa hunyamazisha ugonjwa, haitibu. Kama ekseli yako ya mbele ni ya kipande kimoja, anza na fimbo inayoishika isiende kushoto na kulia. Magurudumu yakiwa chini na injini inawaka, mtu achezeshe usukani kidogo kidogo huku wewe uko chini ukitazama bushi za fimbo hiyo, kisha kila kiungo cha tairodi (fimbo zinazopeleka mwendo wa usukani kwenye magurudumu). Kinachochelewa kufuata ndicho kibovu.

Halafu piga jeki, weka stendi, ushike gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki. Mchezo ukipotea, ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni beringi za pini za juu na chini ambazo gurudumu hukatia kona.

SWALI: Gari langu huendesha magurudumu yote wakati wote. Mashine ya rola haiwezi kuliharibu?

JIBU: Inaweza, kama rola zinazungusha ekseli moja wakati difu ya kati (inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma) imefungwa au ni ya kujifunga yenyewe. Mwambie mkaguzi kabla hajapanda garini. Breki za magari ya aina hiyo zinaweza kupimwa barabarani kwa kipimo kinachowekwa ndani ya gari.

SWALI: Nimeinua gari sentimita 5 kwa springi mpya. Kuna la kuangalia?

JIBU: Taa za mbele sasa zinamulika juu, zipangwe upya. Hosi za breki zitazame magurudumu yakiwa yananing'inia, usukani umekatwa mpaka mwisho: zisivutike. Kinachosahaulika zaidi ni vali ya breki za nyuma yenye mkono unaoshikana na ekseli. Ukiinua gari, mkono huo hushuka na vali hudhani nyuma hakuna mzigo, kwa hiyo inapunguza breki za nyuma. Utabadilisha shuu, silinda, hata ngoma, na mashine itaendelea kusema nyuma ni dhaifu pande zote mbili. Rekebisha urefu wa mkono, au ushushe kishikio cha vali kilicho kwenye chesisi kwa sentimita zilezile 5, kabla hujanunua kingine chochote.