Sumu ya panya kwenye nyumba yenye paka na mbwa

Dada wa Nyegezi, nimekuelewa: panya wamekuzidi jikoni na unataka kuweka sumu, ila una paka na mbwa mdogo. Tena paka ana mafua, ukafikiria kumpa panadol.

Panadol usimpe kabisa! Ini la paka haliwezi kuishughulikia dawa hiyo. Hata kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Sumu nayo, kwa nyumba yako, mimi nisingeiweka. Kuificha nyuma ya kabati hakutoshi, maana paka anaweza kumla panya aliyekwisha kuila. Nyingi ya sumu hizi huzuia damu isigande, na mnyama hucheza kama kawaida siku mbili tatu, ndipo fizi zinapauka, anahema, anatoka damu puani au kwenye kinyesi. Ukihisi tu kwamba ameila, usingoje dalili. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, ubebe na pakiti yake. Tiba ipo, vitamini K, ikiwahi. Usimtapishe mwenyewe wala kumnywesha maziwa.

Tumia mitego, na dagaa wako wafungie kwenye ndoo yenye mfuniko. Hao dagaa ndio wanaowavuta panya.

Umesema mumeo ni mvuvi. Ndoano na nyuzi zake zitundikwe juu, kwani zinanuka samaki na mbwa atazimeza. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni usiuvute, unaweza kumchana utumbo. Hilo ni la daktari. Mifupa ya sangara aliyepikwa usiwatupie.