Jiwe Zuri Huchaguliwa Likiwa Kavu

Watu wanaoniuliza jinsi ya kuanza kukusanya na kung'arisha mawe karibu wote huanza na mashine: ipi, bei gani, inaagizwa kutoka wapi. Mimi huwarudisha mtoni kwanza. Nimeokota mawe kwa miaka mingi kwenye vijito vinavyoshuka kutoka milima ya Uluguru na kuyapiga msasa kibarazani kwangu hapa Morogoro, na ninachoamini ni kwamba hatima ya jiwe huamuliwa siku unapoliokota. Ukichagua vibaya, hakuna msasa utakaoliokoa. Ukichagua vizuri, beseni la maji na karatasi chache kutoka duka la vifaa vya ujenzi zinakutosha.

Anza kwa kujua unakanyaga mwamba gani. Ukiwa Arusha mjini, mito inashuka kutoka Mlima Meru, na Meru ni volkano. Mengi utakayookota huko ni lava ya kijivu au nyeusi, mara nyingi yenye vitundu, na hata uisugue kwa bidii namna gani haitoi mng'ao wa maana. Dodoma, Singida na Mwanza ni nchi ya granaiti ya kale mno, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500, iliyopitiwa na mishipa ya kwatzi, madini magumu meupe. Sisi wa Morogoro, pamoja na Handeni, Simanjiro, Longido na majirani zetu wa Taita ng'ambo ya mpaka, tumekaa juu ya ukanda wa miamba iliyozikwa, ikapashwa moto na kukandamizwa chini sana ardhini mabara yalipogongana, takriban miaka milioni 600 iliyopita. Joto na mkandamizo ule ndio uliozaa garneti (kito chenye wekundu ulioiva), marumaru ya asili, tanzanaiti ya Mererani na yakuti nyekundu ya Longido. Kwa hiyo kabla hujapanda basi kwenda kutafuta mawe kwa watu, uliza mto wa karibu nawe unatoka kwenye mlima wa namna gani. Swali hilo moja litakupunguzia safari nyingi.

Wakati mzuri ni masika yanapokwisha, maji yakipungua na kurudi kuwa meupe. Mafuriko yamekwisha kugeuza kokoto zote, na mawe ambayo mwaka jana yalikuwa yamefukiwa sasa yako juu. Usihangaike katikati ya mkondo. Nenda kwenye kona za mto, upande wa ndani wa kona, kwa sababu pale maji hupunguza kasi na kuachia mzigo wake. Tazama pia nyuma ya mawe makubwa: mchanga mzito hujikusanya hapo, na kwenye vijito vyetu utaona mistari ya rangi ya zambarau iliyoiva. Hizo ni chembe za garneti. Garneti ni nzito kuliko kwatzi, ndiyo maana maji huziacha nyuma na kuondoka na mchanga mweupe.

Sasa jambo ambalo ningependa kila anayeanza alishike. Majini kila jiwe ni zuri. Maji hujaza vishimo vidogo vya juu ya jiwe, mwanga hautawanyiki, na rangi inatoka kama vile jiwe limekwisha kung'arishwa. Watu hujaza mfuko kwa furaha, wakifika nyumbani mawe yamekauka na yote ni ya kijivu. Lakini usiyadharau maji, kwa sababu yanakuonyesha rangi ambayo jiwe litakuwa nayo likikubali kung'aa. Swali ni kama litakubali, na jibu lake linakuja wakati wa kukauka. Lichovye jiwe, litoe, liweke juani, kisha kaa ulitazame. Uso hukauka haraka, ila nyufa hushikilia maji, na kwa dakika chache utaziona kama mistari myeusi myembamba iliyochorwa juu ya jiwe. Jiwe lenye mistari mingi liache hapo hapo. Litakuvunjikia mkononi, tena mara nyingi hufanya hivyo ukiwa umefika hatua za mwisho. Jiwe linalokauka kwa usawa, bila mabaka wala mistari, ndilo la kubeba. Halafu ligongeshe taratibu na jiwe jingine: zima hutoa sauti kali na safi, lenye ufa hutoa sauti iliyofifia.

Ukisharidhika na uzima wake, pima ugumu. Mwaka 1812 mtaalamu wa madini Friedrich Mohs alipanga madini kumi kwa kuangalia lipi linalikwaruza lipi, kuanzia ulanga laini uitwao talki, namba 1, hadi almasi, namba 10. Mpango huo bado unatumika duniani kote, na huhitaji maabara kuutumia. Ukucha wako uko kwenye 2.5 hivi, kisu cha chuma na kioo cha dirisha viko karibu na 5.5, na kwatzi ni 7. Jiwe likikwaruzika kwa kisu, huenda ni marumaru au jiwe jingine laini. Likigoma kisu na likaacha mkwaruzo kwenye kipande cha chupa, huenda umeshika kwatzi au ndugu zake. Marumaru ithibitishe kwa siki: kwarua unga kidogo juu ya jiwe, dondoshea siki, utazame kama unatoa vipovu.

Kwa nini ugumu una maana kubwa hivi? Kwa sababu jiwe lenye ugumu mmoja mwili mzima hung'aa kwa urahisi, na lenye madini laini na magumu yaliyochanganyika hukusumbua hadi mwisho. Ndiyo maana ushauri wangu ni uanze na marumaru. Ni namba 3 tu, inakubali umbo unalotaka kwa jioni mbili au tatu, na chembe zake zinazometa kama sukari zinapendeza hata kabla hazijang'arishwa. Mkenya anayeishi karibu na Kisii ana bahati kubwa zaidi, kwani jiwe la sabuni la Tabaka huchongwa kwa kisu. Kwatzi iache kwa baadaye. Na akiki, ile tunayoiona kwenye pete za wazee wa pwani, ni jamii ya kwatzi pia. Ugumu wake ni ule ule, ila imeshikana sana na haina chembe zinazoonekana, hivyo mng'ao wake ni wa aina ya peke yake. Mafundi wa Khambhat kule Gujarat, India, wamekuwa wakiichoma akiki ili chuma kilichomo ndani kiipe rangi nyekundu, na shanga za akiki nyekundu zimefukuliwa kwenye magofu ya pwani yetu, Kilwa ikiwemo. Mimi nikizitazama shanga zile nawaza mikono iliyozitoboa kabla ya umeme, na sioni tena sababu ya mtu kuniambia hawezi kuanza bila mashine.

Kuna mambo ya sheria na adabu, na nayasema kwa uzito. Kwa Sheria ya Madini ya 2010, madini ni mali ya Jamhuri ya Muungano. Kuyachimba, kuyauza au kuyasafirisha nje bila leseni ni kosa. Kama unataka kukusanya zaidi ya kokoto za kupamba kibaraza, pita kwanza kwa Afisa Madini Mkazi wa mkoa wako uulize. Sheria ya Mazingira ya 2004 nayo inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa hiyo usichimbe ukingo hata kwa kijiti. Okota kilicholala juu. Hifadhini usiokote chochote. Na ukikuta jiwe lililochongwa na mtu wa kale, lenye umbo la tone na makali pande mbili kama yale ya Isimila, Iringa, liache lilipo ukatoe taarifa. Linalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na likihamishwa linapoteza nusu ya habari zake.

Kijijini pita kwa mwenyekiti kabla ya kushuka mtoni. Utaamkia wazee, utaulizwa. Mimi nimezoea kuulizwa, "Mjukuu wangu, hayo mawe yana dhahabu?" Nami hujibu, "Hapana babu, ni mawe ya kusugua tu," kisha namwonyesha moja lililokwisha ng'aa. Siku zote nabeba moja mfukoni kwa ajili hiyo. Mara nyingi mzee huyo huyo ndiye anayekuelekeza kijito ambacho usingekijua.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Usinunue msasa wa mbao, maana karatasi yake hulowa na kuchanika. Omba msasa wa maji, ule mweusi wanaotumia mafundi rangi wa magari. Chembe zake ni kabidi ya silikoni, yenye ugumu wa zaidi ya 9, hivyo hata kwatzi inakwenda. Chukua namba 80, 180, 320, 600, 1000 na 2000; namba ikipanda, chembe huwa ndogo na laini zaidi. Tafuta kipande cha kioo kinene au kigae kisicho na mabonde, weka karatasi juu yake, mimina maji, tone moja la sabuni ya vyombo, uanze kusugua.

Maji hayo si ya kurahisisha kazi tu. Vumbi la kwatzi kavu likiingia mapafuni halitoki. Huacha makovu yanayoitwa silikosisi, ugonjwa usio na tiba ambao umewamaliza wachimbaji wengi, na hufungua mlango wa kifua kikuu. Usisugue jiwe kavu hata dakika moja. Usipeperushe unga uliokauka. Futa kwa kitambaa kibichi. Watoto wakitaka kusaidia, na watataka, wakae kwenye beseni lenye maji pamoja nawe. Ukihitaji kukata jiwe kubwa, usijaribu kwa grenda nyumbani. Wapelekee mafundi wanaokata granaiti za kaunta na za makaburi. Wana misumeno inayomwagiwa maji, na kwa kawaida wana rundo la mabaki ambayo ukiomba kwa heshima utapewa. Mabaki hayo ni mawe mazuri sana ya kujifunzia.

Namba 80 ndiyo inayotoa umbo, na hapo usiwe na haraka hata kidogo. Chora uso wote kwa penseli, sugua, tazama. Penseli ikibaki mahali, pale ni bonde, bado hujafika. Uso ukiwa safi wote, suuza jiwe, beseni, kioo na kucha zako, kwa sababu punje moja ya namba 80 ikiingia kwenye namba 600 itachora mfereji na utalazimika kurudi nyuma. Kila unapobadili namba, badili na mwelekeo: kama ulisugua kwa urefu, sasa sugua kwa upana. Hapo mikwaruzo ya zamani itaonekana ikikatiza mipya, na hutahamia namba ya mbele hadi ya zamani iishe yote. Nakusihi usiruke namba. Mikwaruzo iliyoachwa na 180 haiondolewi na 1000. Inang'arishwa pamoja na jiwe na kukaa humo.

Marumaru ikifika 2000 imebakiza kusuguliwa kwa ngozi laini yenye maji kidogo. Usiipake limau wala siki ukidhani unaisafisha, kwani asidi huula uso wake na kuufubaza mara moja. Kwatzi na akiki zinahitaji hatua zaidi: oksidi ya seriamu, unga unaotumiwa kung'arisha vioo, uliochanganywa na maji na kupakwa kwenye kipande cha ngozi nene kilichogandishwa kwenye ubao. Sugua kwa nguvu kiasi hadi ngozi ianze kukauka na kuvuta jiwe. Mng'ao hutokea wakati huo. Kwa mkono, kwatzi ya ukubwa wa yai itakula jioni za wiki kadhaa. Mashine za pipa zinazozungusha mawe nazo huchukua karibu mwezi mzima, usiku na mchana, na umeme ukikatika zinasimama.

Watakuja watu kukuambia garneti yako ni yakuti ukaiuze. Kwenye kipimo cha Mohs yakuti ni namba 9, garneti haizidi 7.5, na kuzitofautisha kwa uhakika ni kazi ya vifaa. Kituo cha Jemolojia kilichopo Arusha kinafundisha utambuzi na ukataji wa vito. Mwenye hamu ya kufika huko nampa moyo wote.

Jiwe ninalolipenda kuliko yote ni naisi yetu, mwamba wenye mistari uliozaliwa na joto na mkandamizo ule, yenye garneti, nyeupe na nyeusi, yenye madoa mekundu. Ni gumu kulitendea haki. Garneti haziliki kwa kasi ya madini yanayozizunguka, hivyo zinaanza kuchomoza na jiwe linakuwa na vipele badala ya uso laini. Dawa yake ni kuweka msasa juu ya kioo kigumu hadi namba ya mwisho, bila kitambaa wala sponji chini, kubonyeza kidogo, na kubadili karatasi mapema, maana msasa uliokwisha makali hula madini laini peke yake na kuziacha garneti. Pitisha kidole kila baada ya muda. Ukihisi kipele, rudi 320, fanya upya, na ngozi iguse jiwe mwishoni tu, kwa muda mfupi.