Kwa Nini Niliachia Hakimiliki ya Midundo Yangu

Kwa miaka kadhaa nilitunga midundo kwa kompyuta na kuitoa hadharani ikiwa na maneno "haki zote zimehifadhiwa" chini yake, maneno niliyoyaweka kwa mazoea tu kwa kuwa niliona kila mtunzi akiyaweka. Siku moja mwalimu mmoja aliniandikia kwamba wanafunzi wake walikuwa wametengeneza filamu fupi kwa mdundo wangu, kisha wakaifuta kabla ya kuionyesha, kwa sababu hawakuwa na hakika kama ningekubali. Ningekubali kwa furaha. Habari hiyo iliniuma, nami nikaanza kujiuliza ni wangapi wengine walioifikia kazi yangu, wakayasoma maneno yale, wakaenda zao kimya.

Wengi wetu hatutambui kwamba hata tusipoandika neno lolote, sheria imekwisha kufunga mlango kwa niaba yetu. Chini ya Mkataba wa Berne, uliotiwa saini mwaka 1886 na kurekebishwa mara kadhaa, hakimiliki huzaliwa pamoja na kazi yenyewe bila kusajiliwa popote, na hudumu maisha yote ya mtunzi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Katika nchi za Umoja wa Ulaya ni miaka 70. Kijana wa miaka 20 anayetunga mdundo wa dakika moja leo, akijaliwa kufika miaka 80, atakuwa ameufungia huko kwa miaka 130. Kwa hiyo mtunzi anayetaka wengine waichukue kazi yake na kuichanganya upya hana budi kusema hivyo waziwazi, kwa maneno ambayo sheria inayatambua.

Njia rahisi ya kusema hivyo ni leseni za Creative Commons (CC), yaani matamko ya ruhusa yaliyoandikwa tayari ambayo mtunzi huyaambatanisha na kazi yake, zilizotolewa kwa mara ya kwanza Desemba 2002. Mimi nilianza na ile inayokataza matumizi ya kibiashara, nikidhani nimepata njia ya kati yenye busara, na hapo ndipo nilipojifunza zaidi. Barua za kuomba ruhusa hazikukoma. Mmoja aliuliza kama video yenye matangazo ni biashara; mwingine aliuliza kuhusu onyesho la hisani lenye kiingilio; wa tatu alitaka kuuchanganya mdundo wangu na wimbo uliotolewa kwa CC BY-SA, leseni inayodai kazi mpya itolewe kwa masharti yaleyale, na ikabainika kwamba masharti ya leseni hizo mbili hayawezi kukaa ndani ya kazi moja. Nilikuwa nimepunguza katazo, lakini ulazima wa kuniomba ulibaki palepale, na kwa mtu anayebuni jambo usiku wa manane, kusubiri jibu la mtu asiyemfahamu kunatosha kumkatisha tamaa.

Ndiyo maana hatimaye niliichagua CC0, waraka uliotolewa mwaka 2009 ambao kwao mtunzi anaachia haki zake zote kwa kadiri sheria inavyoruhusu. Katika nchi kama Ujerumani, ambako mtunzi hawezi kuiacha hakimiliki yake moja kwa moja, waraka huohuo hugeuka kuwa leseni pana isiyo na masharti. Sikuwa wa kwanza kupita njia hiyo: mchoraji katuni wa Marekani Nina Paley aliihamishia filamu yake ndefu kwenye CC0 mwaka 2013, ingawa tayari ilikuwa chini ya CC BY-SA, na mwaka 2017 jumba la makumbusho la Metropolitan la New York liliachia picha zaidi ya 375,000 kwa utaratibu huohuo.

Hata hivyo, ruhusa peke yake haileti watu. Nilipotoa midundo ikiwa faili moja lililokwisha kuchanganywa, waliitumia kama ilivyo, basi. Nilipoanza kutoa ngoma, besi na kinanda kila kimoja katika faili lake, pamoja na faili la mradi lenyewe, lile ninalolifungua kwenye programu ya kutungia, ndipo matoleo mapya yalipoanza kunirudia. Blender Foundation, shirika lililo nyuma ya Blender, programu huria ya kutengenezea filamu za katuni kwa kompyuta, walilielewa jambo hili mapema: mwaka 2006 waliitoa filamu yao ya kwanza pamoja na faili zote zilizotumika kuitengeneza.

Tafadhali usiharakishe, kwa kuwa ukishaachia huwezi kurudisha. Hakikisha kila sauti iliyomo ni yako, na kama ulitunga ukiwa umeajiriwa, usome mkataba wako kwanza. Mimi nilikaribia kuachia kipande ambacho rafiki yangu alikuwa ameimba kiitikio, nikasahau kabisa kwamba sauti ile haikuwa yangu kuitoa. Jambo jingine lililonisumbua ni mtu kuusajili mdundo wangu kwa jina lake katika mfumo wa kutambua sauti zinazofanana, hivi kwamba watumiaji wengine wakaanza kupokea madai yasiyo ya haki. Kilichowasaidia ni faili langu la awali lenye tarehe na tamko langu lililokuwa wazi kwa kila mtu, kwa hiyo navihifadhi vyote viwili kwa kila kazi. Kuhusu kipato, ninachouza sasa ni utunzi wa kuagizwa, na baadhi ya wanaoniagiza walinifahamu kwa midundo niliyoiachia.

Ukiwa bado unasita, anza na kipande kimoja cha zamani ambacho hukitegemei kwa riziki yako. Mimi nilianza na mdundo uleule wa wanafunzi. Mtu wa kwanza kuubadilisha, ambaye sikuwahi kumfahamu, aliondoa ngoma zangu zote akaiacha besi peke yake, na kwa mara ya kwanza nikaisikia sauti niliyokuwa nimeifunika mwenyewe.