Muulize Anatibu Vipi: Nilivyotafuta Tiba ya Wasiwasi Jijini Nairobi

Kwa muda wa miezi saba niliamini kwamba nina ugonjwa wa moyo. Ulinishika mara ya kwanza asubuhi ya Jumatatu nikiwa ndani ya matatu, tulipokwama kwenye foleni ya Pangani: moyo ulianza kwenda mbio, viganja vikalowa jasho, vidole vikafa ganzi, na kifua kikabana hata nikamsihi makanga anishushe pale pale. Nilikimbizwa hospitalini, nikapimwa moyo kwa mashine, na daktari akasema moyo wangu ni mzima. Wiki tatu baadaye, katika kliniki nyingine, nikaambiwa kwamba ni vidonda vya tumbo, maradhi ambayo katika jiji hili hubebeshwa lawama ya kila maumivu yasiyojulikana yalikotoka. Mama, kwa simu kutoka nyumbani, alishikilia kwamba ni presha. Nilimeza dawa za asidi, nikaacha chai ya maziwa, nikaacha matatu pia, na ugonjwa ukabaki palepale.

Aliyenifumbua macho ni afisa wa kliniki mmoja kule Kasarani, ambaye hakunigusa kifua hata kidogo. Alinisomea maswali saba kuhusu majuma mawili yaliyopita: ni mara ngapi nimeshindwa kuzuia mawazo, ni mara ngapi nimehofia kwamba jambo baya litatokea, na mengine ya aina hiyo. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla haizidi 21. Kuanzia 10, mtu anastahili kuchunguzwa zaidi. Mimi nilipata 16. Aliagiza pia damu ipimwe ili kuangalia tezi ya thairoidi, kwa kuwa tezi hiyo ikizidisha kazi humfanya mtu atetemeke na moyo umwende mbio kama mwenye hofu. Hapo ndipo ninapomshauri kila anayeniuliza kwamba apimwe mwili kwanza, lakini apimwe mara moja na vizuri, si mara saba katika kliniki saba kama nilivyofanya mimi.

Majibu ya damu yalipotoka safi, aliniambia kwamba ninaugua wasiwasi. Nakiri kwamba nilikasirika. Neno hilo tumelizoea mno. Kutwa tunaambiana "wacha wasiwasi", kana kwamba ni mzigo ambao mtu huutua akitaka. Isitoshe, asili yake ya Kiarabu ni kunong'onezwa mambo moyoni, na mara nyingi mnong'onaji ni shetani, ndiyo maana wengi wetu tukilisikia tunawaza sala kabla ya kuwaza matibabu.

Na kwa kweli mshauri wangu wa kwanza nilielekezwa na rafiki wa kanisani. Alinisikiliza kwa dakika ishirini, kisha akaanza kunisimulia jinsi yeye mwenyewe alivyoshinda misukosuko ya ndoa yake, akanipa mistari ya kusoma na kunitaka nipunguze kazi. Sina ugomvi na maombi, maana hata mimi huomba. Lakini nilitoka pale nikijua habari za ndoa yake kuliko yeye alivyojua habari za hofu yangu.

Wa pili alikuwa mtu mwema sana, na kwa sababu hiyo ndiye aliyenichelewesha zaidi. Ofisi yake ilikuwa tulivu, sauti yake ya upole, na kila Alhamisi nililia nikatoka nikiwa mwepesi. Nilimwendea mara nane kwa shilingi 3,000 kila mara. Siku moja nikapiga hesabu, nikaona kwamba nimetumia shilingi 24,000, nimesimulia utoto wangu wote, na bado sijapanda matatu hata moja. Kila siku nilikuwa nikipanda bodaboda kutoka Roysambu hadi mjini. Nafuu ya kusikilizwa ni kitu halisi, wala siidharau, na kwa mtu aliyefiwa huenda ikawa ndiyo tiba yenyewe. Kwa hofu ya aina yangu haikutosha.

Nilimwandikia ujumbe nikamweleza hayo kwa adabu, nikitarajia atachukizwa. Alinijibu kwamba nimesema kweli, akanipa jina la mwanasaikolojia anayetibu kwa kubadili fikra na tabia. Kwa hiyo usimtoroke mshauri kimyakimya jinsi tulivyozoea kumtoroka fundi wa nguo. Mwambie kwamba hujaona mabadiliko, kwani huenda yeye ndiye anayemjua mtu unayemhitaji.

Safari hii sikwenda kabla ya kuuliza. Nilipiga simu nikiwa na maswali kwenye karatasi: je, umesajiliwa, na leseni yako ni ya mwaka huu? Umewahi kuwatibu watu wanaoshikwa na hofu ya ghafla? Utatumia njia gani? Tutajuaje kwamba tunasonga mbele? Swali la kwanza si utovu wa heshima. Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inayotaka wanaofanya kazi hii wasajiliwe na Bodi iliyoundwa na sheria hiyo, na mtaalamu wa kweli hulijibu bila kununa. Ila kwa maoni yangu swali la tatu ndilo lililo zito kuliko yote. Ukijibiwa tu kwamba "tutazungumza", endelea kutafuta. Huyu alinijibu kwamba tutakutana kati ya mara kumi na mbili na kumi na sita, kwamba atanipa kazi ya kufanya nyumbani, na kwamba kazi yenyewe sitaipenda.

Kweli sikuipenda. Alinieleza kwamba hofu ya ghafla hupanda kwa kasi, hufika kileleni katika dakika chache, kisha hushuka yenyewe hata usipofanya lolote. Lakini kila niliposhuka kabla haijashuka, niliufundisha mwili wangu kwamba Pangani ni mahali pa kufia na kwamba kukimbia ndiko kulikoniokoa. Dawa yake ilikuwa kukaa. Wiki ya kwanza niliketi ndani ya matatu iliyokuwa ikingoja abiria stejini, nikashuka kabla haijaondoka. Wiki ya pili nikapanda hadi Allsops tu. Baadaye ikawa kiti cha nyuma kabisa, dirishani, mahali ambapo mtu hawezi kutoka bila kuwainua wengine. Alininyang'anya hata chupa ya maji niliyokuwa nikiikumbatia njiani, kwa maelezo kwamba nilikuwa nimeigeuza hirizi.

Kila safari niliiandika daftarini: ninachobashiri, kilichotokea, na kiasi cha hofu kuanzia 0 hadi 10. Ukurasa wa wiki ya tano ninao mpaka leo. Umeandikwa: "Nimebashiri: nitazimia kabla ya Muthaiga. Kilichotokea: sikuzimia. Mama aliyeketi kando yangu aliniuliza kama najua bei ya viazi Marikiti. Hofu: 8 Muthaiga, 7 Pangani, 3 Ngara." Ile 7 ya Pangani iliniuma nilipoiandika, lakini mwanasaikolojia aliizungushia duara la wino mwekundu na kusema kwamba hapo ndipo nilipokuwa nimezoea kushuka, na sikushuka.

Kwa kuwa usingizi ulikuwa bado haujarudi, alipendekeza nimwone daktari wa magonjwa ya akili, kwani wanasaikolojia na washauri hawaandiki dawa. Hospitali ya rufaa ya magonjwa ya akili ya Mathari iko kwenye barabara hiyohiyo ya Thika niliyoipita kila siku. Ipo tangu mwaka 1910, na kwa muda wote huo imegeuzwa kuwa tusi; nani hajasikia mtu akiambiwa kwamba anafaa kupelekwa Mathari? Nilipomwambia makanga anishushe hapo, vijana wawili wa nyuma walicheka. Ndani nilikuta foleni ya watu wa kawaida, wengine na sare za kazi, wakiitwa mmoja mmoja kama katika kliniki yoyote.

Niliandikiwa setralini, mojawapo ya dawa za kutibu mfadhaiko na wasiwasi, na daktari akaniambia mambo ambayo ningependa kila mtu ayajue kabla ya kumeza kidonge cha kwanza: kwamba dawa za kundi hilo huchukua majuma kama mawili hadi sita kabla hujaona tofauti, kwamba siku za mwanzo kichefuchefu huja na wasiwasi wenyewe waweza kuzidi kidogo, na kwamba haziachwi ghafla bali hupunguzwa chini ya uangalizi wake. Nilikiri kwamba nilikuwa nikiuziwa diazepamu bila cheti katika duka la dawa la mtaani. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba ile hutuliza upesi na hutia uraibu upesi vilevile.

Kuhusu fedha, anza na ofisi ya rasilimali watu kazini kwako, kwa sababu waajiri wengine hulipia vikao kadhaa na wafanyakazi hawajui. Bima nayo iulize kabla ya kikao cha kwanza, maana huenda ikataka kibali. Usipokuwa na hivyo vyote, vipo vyuo vinavyofundisha unasihi ambapo wanafunzi wa mwisho huwaona wateja kwa bei nafuu chini ya uangalizi wa walimu wao. Na iwapo mawazo yamefika mahali pa kutaka kujidhuru, usisubiri miadi ya mtu yeyote: nenda hospitali iliyo karibu, au piga 1199, laini ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu.

Juzi mpwa wangu anayeishi Rongai aliniomba msaada wa namna hiihii. Alikuwa ameshapewa namba mbili na marafiki zake, nami nikamtumia maswali yangu manne. Wa kwanza alikata simu aliposikia swali la leseni. Wa pili atampigia kesho saa tatu.