Jibu: Zenith ya babu, usiichomeke ukutani kwanza

Mkuu, umeuliza redio ya valvu (taa za kioo za redio za zamani) aliyoacha babu yako, yenye mkono wa kubebea na namba H500, ni ya lini na kama inafufuka. Hiyo ni Zenith Trans-Oceanic ya Marekani, toleo lililoanza kuuzwa 1951, na inafufuka kabisa. Itunze!

Ila imeundwa kwa volti 110 hadi 120. Umeme wetu wa 230 utaiunguza papo hapo. Hata ukipunguza volti, chesisi yake (fremu ya chuma ya ndani) inaweza kukurusha kwa umeme.

Badilisha kapasita (vipande vinavyohifadhi chaji) zote za karatasi na za elektroliti, hata zinazoonekana nzima. Rektifaya ya seleniamu (inayogeuza umeme wa AC kuwa DC) iondoe, weka dayodi inayofanya kazi hiyo hiyo na rezista ya kupunguza volti.

Halafu valvu. Ziko tano, nyuzi zake za ndani zinazopashwa joto zimeungwa mfululizo, ikikatika moja zote zinazima. Usichomoe hata moja redio ikiwa imewashwa: ukiirudisha, chaji iliyojaa kwenye kapasita inakata nyuzi. Ichunge sana valvu ya 1L6, ndiyo adimu na ghali kuliko zote.

Jaribio la kwanza mimi hufanya kwa betri: kumi za volti 9 mfululizo zinatoa volti 90 za kuendesha valvu, na sita kubwa za tochi mfululizo zinatoa volti 9 za nyuzi.